Shingo ya Kioo na Jicho la Shomari

"Skola, umeme si umerudi? Mbona mmekaa gizani?"

Ulikuwa mchana kweupe. Pazia jeusi la ile maabara nilikuwa nimelivuta kwa mkono wangu umeme ulipokatika, na jua la kile kilima cha Wazo lilijaa chumba kizima, vumbi la mlimani unaliona linavyoelea. Shomari alikuwa amepiga goti mbele ya meza, mkono mmoja bado umeishika ile shingo ya kioo tuliyoitengeneza sie wenyewe, uso kaugeuzia kwangu. Jicho la kulia liko wazi, zima, halina hata mkwaruzo, halitoi damu wala chozi. Linanitazama na halinioni. La kushoto lilikufa miaka mingi kabla, kipande cha chuma kiliruka kutoka kwenye jiwe la kunolea kikaingia humo, kwa hiyo hilo la kulia ndilo lililokuwa macho yake yote. Nikanyanyua mkono nikaupunga mbele yake. Hakupepesa. "Kuna kitu kimelia humu ndani," akasema, akijigusa paji la uso, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mteja anayeeleza gari lake linavyogonga. "Kimelia pa! Kama njugu kwenye kikaango."

Pius, kijana wa pale maabara, akaingia mbio kutoka nje, mikono inanuka dizeli, anacheka. "Jenereta limewaka, wazee! Wageni hao..." Akatuona. Alichofanya pale sijakisahau hata siku moja. Hakwenda kwa Shomari. Alikwenda kwenye kile kisanduku cha leza, akazima swichi, akachomoa nyuma yake kipande kifupi cha waya mwekundu, akakitia mfukoni. Halafu ndiyo akauliza, "Fundi kafanyaje?"

Shomari tumemzika wiki iliyopita, kwao Kimbiji. Mie ni Mkristo wa bara, lakini nilijifunga kanga na mtandio nikakaa na kina mama uani, nyuma ya ua wa makuti, karibu na mjane wake, Bi Hawa, ambaye namwita wifi tangu ujana. Wanaume waliporudi makaburini wakakaa chini ya turubai upande wa pili, na sie tukawa tunasikia kila neno. Kuna gari lilikuja, vijana wakashusha magunia ya mchele. Halafu nikaisikia sauti. Imezeeka, imekuwa ya kukwaruza, lakini ningeitambua hata ndotoni. "Marehemu alikuwa fundi hodari sana. Ile ajali yake, ndugu zangu, tuseme ukweli, ilikuwa bahati mbaya. Alichungulia mwenyewe pasipochunguliwa. Tumwombee Mungu amsamehe." Wanaume wakaitikia amin. Bi Hawa akanigeukia. "Wifi, kasema Mungu amsamehe nani?" Nikamwambia, Shomari. "Amsamehe Shomari?" Nikatikisa kichwa kukubali. Akajifunika uso kwa mtandio. Mie nikamshika mkono, mie ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mvi.

Ndiyo maana naandika. Jina langu Skolastika, na shule yenyewe niliishia la saba, kwa hiyo nikikosea kuandika nisamehewe. Ila majina ya watu sitayakosea. Aliyesema maneno yale ni Dokta Fortunatus Nkalamo. Aliyechomoa waya ni Pius Lwenje, msaidizi wake. Wote wazima. Wote wanaona.

Mwaka ule nilikuwa kijana, nafanya kazi kwenye karakana ya Shomari, Temeke, nyuma ya soko. Chumba kirefu cha mabati, joto lake ukiingia saa nne asubuhi linakuwa kama limekusubiri mlangoni. Kuna mashine ya kukereza vyuma, nzee kuliko mie, kuna drili ya kusimama, kuna jiwe la kunolea ambalo Shomari alilifunga kwa bati baada ya kumtoa jicho, na sakafu imejaa maganda ya chuma yanayong'aa mpaka ukitembea unasikia kama unakanyaga sukari. Mwanamke kwenye mashine! Watu walikuwa wanakuja kunitazama kama sinema. "We dada, hiyo siyo cherehani!" Shomari anawajibu hata hageuki, "Mwacheni, huyo akikukereza shingo utajua." Mchana tunakula mihogo ya kukaanga na kachumbari ya pilipili, tumekaa juu ya matairi, na yeye ndiye mwongeaji. Alikuwa na maneno yule mtu. Anasema jicho lake moja linafanya kazi ya macho mawili ndiyo maana linakula sana, basi anachukua muhogo wangu.

Karakana yetu ilikuwa na mila mbili, na nazieleza kwa sababu ndizo zilizotuponza. Ya kwanza, kuchungulia. Chuma kikitoka kwenye mashine, kabla ya rula na kabla ya kipimo chochote, fundi anakileta usawa wa jicho, anafumba la pili, anatazama kwa urefu wake kama mtu anayelenga bunduki. Kama kimepinda kidogo tu, unakiona. Shomari yeye hakuwa na la kufumba. Anainamisha kichwa tu, anatulia, anasema, "Huku kinalia," yaani hapa ndipo penye kasoro, anakigonga mara moja, basi. Ya pili, kuitana. Hakuna mtu anagusa swichi yoyote mle ndani bila kuita, "Nawasha!" na hawashi mpaka wote waliomo wajibu, "Washa!" Ukiita usipojibiwa, unakaa na mkono hewani, hata iwe nusu saa. Kwa sababu umeme ukikatika ndiyo nafasi ya fundi kuingiza kichwa na mikono ndani ya mashine, na sie tulikuwa na umeme wa kukatika tu mwaka ule, mgao juu ya mgao. Kwetu umeme ukiwa umekatika ndiyo usalama.

Dokta Nkalamo alikuja asubuhi moja, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono. Alimkuta Shomari kainamia shafti, kainamisha kichwa, kimya. Akasimama kumtazama muda wote ule, hakusalimia. Shomari alipomaliza ndipo akasema, "Shikamoo mzee, karibu, samahani nilikuwa mbali." Yule akacheka. "Marahaba. Hilo jicho lako, fundi, ndilo ninalolitaka." Alisema hivyo. Nilikuwa karibu kama nilivyo karibu na karatasi hii. Akatutolea mfukoni kioo kidogo, mviringo, kama kifuniko cha chupa, kinang'aa kwa namna nisiyoizoea, maana ukijitazama humo unajiona na huku kina rangi ya kijani kwa mbali. Anataka chombo cha kukishika kioo kile na kukigeuza, juu na chini, kushoto na kulia, kwa mota, polepole kuliko mkono wa saa, bila kutikisika. Yeye ana maabara yake mwenyewe kule Wazo, kwenye nyumba ya kupanga, anapima vumbi la hewani kwa mwanga wa leza. Mwanga unapiga kioo, kioo kinaurusha angani, vumbi linaurudisha, mashine inahesabu. Chombo alicholetewa kutoka nje ya nchi kimekufa na kingine hakipatikani. "Nimeambiwa nyie mnaweza kutengeneza chochote." Shomari akakigeuza kile kioo vidoleni kama mtu anayechagua embe. "Hii unayotaka, dokta, ni shingo. Kichwa unacho, sisi tutakupa shingo."

Tukaiita hivyo, shingo. Tuliikata kwenye aluminiamu ya injini ya lori iliyokufa, tukaipiga tupa, tukaipiga msasa, ikawa fremu mbili, moja ndani ya nyingine, ya ndani imekaa juu ya gololi za baiskeli na inavutwa na springi. Mota ndogo tulizitoa kwenye mashine za fotokopi mbovu. Kazi ngumu ilikuwa skrubu za kuisukuma, maana zilitakiwa meno madogo mno, membamba kama ya mtoto, na mie ndiye niliyezikereza. Niliharibu nyingi. Mwanzoni shingo ilikuwa na kigugumizi: mota inazunguka, kioo hakiendi, hakiendi, halafu kinaruka. Shomari anaicheka. "Hii imelelewa uswahilini, inasema nakuja, nakuja, kumbe ipo kitandani." Tunaifungua, tunaisugua, tunaifunga. Sitadanganya, ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Siku ilipogeuka mara ya kwanza bila kuruka, Shomari alikitegesha kile kioo juani, doa la mwanga likawa linatembea kwenye mabati polepole kama mdudu, na watu wa sokoni wakaja kuliangalia. Bi Hawa alikuwa ameleta wali. Akasema, "Sasa hiki kinapika nini?" Tukacheka mpaka wali ukapoa.

Hofu ilianzia Wazo. Ile nyumba ilikuwa na ghorofa moja, maabara chini, Dokta juu. Chumba cheusi, mapazia meusi, kiyoyozi kinavuma baridi ya hospitali, meza ya chuma yenye matundu mengi, na juu yake kile kisanduku cheupe ambacho mwanga unatokea. Mlangoni kuna kibao cha njano kina nyota yenye miali. Nikamuuliza Pius, "Kaka, hii nyota ya nini?" Pius alikuwa kijana wa rika langu, mtanashati, mtu wa simu mbili. Akasema, "Mapambo tu hayo, dada, wazungu wanapenda mapambo." Dokta alitupa sharti moja. Kulikuwa na taa nyekundu, nyembamba kama uzi, inayoonyesha mwanga unakopita. "Mkiiona hii nyekundu, kaeni pembeni. Isipokuwepo, fanyeni kazi yenu, msiogope kitu." Shomari akaitikia, "Sawasawa dokta, nyekundu hatari." Kama taa za barabarani. Rahisi.

Lakini mie niliogopa. Siku moja nilipokuwa nafunga skrubu niliona kwenye pazia jeusi tundu dogo, kingo zake zimekauka na kuwa ngumu. Limeungua. Nikamwita Pius, akasema sigara. Mle ndani hakuna aliyevuta sigara. Siku nyingine kipande cha boksi kilichoegeshwa ukutani kilianza kutoa moshi, uzi mwembamba wa moshi, peke yake, na mle chumbani ile nyekundu haipo. Nikatoka nje nikasimama kwenye ngazi. Nilipomweleza Shomari tunarudi Temeke, akaniambia, "Skola, we hata jini popobawa ungemwona mchana." Kufika mlangoni akanigeukia. "Ila kesho tumuulize." Tukamuuliza. Dokta akasema ni vumbi la saruji la kiwanda cha hapo Wazo, linapata joto. Alitutazama machoni akilisema hilo.

Chakula hatukuruhusiwa kulia ndani, tulikuwa tunakula kwenye ngazi ya nyuma, chapati na maharage tulivyobeba, na dirisha la juu likiwa wazi unasikia wanayoongea. Siku moja Dokta alikuwa anagomba. Kile kisanduku kilikuwa na tabia: umeme ukikatika kinajifunga, kifuniko cha mbele kinashuka, na hata umeme ukirudi hakitoi mwanga mpaka mtu aje na ufunguo akiwashe kwa mkono. Na umeme ulikuwa unakatika kila wakati. "Wageni wangu hawatasubiri umeme wa Tanzania," Dokta anasema. "Unga direct." Pius akauliza, "Na kifuniko, mzee?" "Kitoe. Kinafunga hovyo." Sie tukaendelea kula. Unga direct! Neno hilo nani hajalisikia? Friji inaungwa direct, waya kwa waya bila swichi, pampu ya maji inaungwa direct, nyumba nzima nzima mtaani kwetu zimeungwa direct. Shomari alisema tu, "Hata maprofesa wanaunga," akachovya chapati. Kile kifuniko na ule ufunguo kazi yake ni nini, hakuna aliyetuambia.

Siku yenyewe wageni walikuwa wanatoka mjini kuja kutazama, na kazi ya Dokta yote ilikuwa inategemea wao. Asubuhi shingo ikapata kigugumizi tena, vumbi lilikuwa limeingia kwenye skrubu. Tukaitwa. Tulikuwa bado tunaitazama umeme ukakatika, kiyoyozi kikanyamaza, nyekundu ikazimika. Shomari akafurahi. "Haya, Mungu katupa nafasi." Nikavuta pazia tupate mwanga wa jua. Pius alikuwa pale mlangoni, alituona. Shomari akapiga goti, akaleta uso usawa wa shingo, akainamisha kichwa vile anavyoinamisha, na jicho lake likawa kwenye mstari wa kioo. "Huku inalia," akasema. Juu, Dokta akapiga kelele, "Pius! Wako getini! Washa jenereta!" Na Pius akaenda. Alikuwa amekuja karakanani kwetu zaidi ya mara moja, ameona tunavyoitana, na alikuwa anatucheka, "Mnaitana kama makonda wa daladala!" Alijua kuita. Hakuita. Nilisikia jenereta linakohoa nje, nikafungua mdomo niseme "Kaka subiri," na kabla neno halijatoka mota zikalia ziii, shingo ikageuka yenyewe kurudi mahali pake pa kuanzia, kama ilivyopangwa kufanya kila ikipata umeme. Nyekundu ilikuwa bado haijawaka. Sikuona mwanga wowote, na kwa jina la mama yangu nasema chumba kile hakikubadilika kitu chochote. Shomari alishtuka kidogo tu kama mtu aliyeguswa bega. Halafu akaniuliza mbona tumekaa gizani.

Hospitalini daktari wa macho, mama mmoja mpole, alimtazama muda mrefu kwa kimashine chake. Akauliza, "Mwanga ulikuwa wa rangi gani?" Nikamwambia hamna rangi. Hamna mwanga, mama. Akaacha kuandika. Akanitazama akasema taratibu, "Upo mwanga ambao hauonekani, binti. Ndiyo mbaya kuliko wote, kwa sababu jicho halijui kujifumba." Ile baridi ya Wazo ikaniingia upya. Nikaiona ile nyota ya mlangoni, lile tundu kwenye pazia, ule moshi wa boksi, nikajua zile siku zote tulikuwa tunatembea mle ndani na kitu kinatupita usoni. Nikatoka kwenda kutafuta maji, na kwenye kona ya korido nikawasikia kabla hawajaniona. Pius analia. Anasema, "Mzee, tungewaambia tu." Na Dokta Nkalamo, kwa upole kabisa, kama anamfundisha: "Ningewaambia hauonekani, nani angekubali kuweka mkono mle?"

Wiki za mwanzo Shomari alikuwa anaona pembeni. "Nakuona miguu, Skola, kichwa huna," anasema, anajaribu kutania. Bi Hawa akipita anamgeuzia sikio, kumbe anamtafuta kwa ukingo wa jicho. Alikuwa akiushika uso wa mkewe kwa mikono miwili kuusogeza hadi ukingoni apate kuuona. Mwaka ulipokuwa unaisha hata ukingo ukafungwa. Tulikwenda Wazo, mie na Bi Hawa, mlinzi akasema dokta kasafiri. Tukarudi, kasafiri. Mara ya mwisho nyumba ilikuwa na wapangaji wengine, mapazia ya maua. Shingo yetu niliikuta jalalani nyuma ya nyumba, kioo kimeng'olewa. Nikaibeba. Karakana ikauzwa, Shomari akarudi Kimbiji kukaa barazani, na nilipokuwa naenda kumsalimia alikuwa anaomba nimpe kipande chochote cha chuma, anakileta usawa wa lile jicho, anainamisha kichwa, anatulia. Halafu anakirudisha. Hakuwahi tena kusema kinalia wapi.

Mie niliponea. Nilikuwa nimesimama hatua chache kushoto, basi. Mtaani kwetu umeme ukirudi watoto wanapiga kelele, "Umeme huooo!" mtaa mzima unafurahi, na mie, mwanamke mzima, nafumba macho nageukia ukuta mpaka nisikie friji imeanza kunguruma. Wanangu walidhani nasali. Chumba kisicho na taa siogopi. Naogopa kilicho na mwanga nisiouona, na mpaka leo sijui kama upo au haupo.

Sasa, Dokta Nkalamo. Umesimama mbele ya watu wa Kimbiji ukasema alichungulia mwenyewe. Wewe ulikuja Temeke ukamkuta anachungulia, ukamwambia jicho lile ndilo unalolitaka. Ulijua anavyofanya kazi. Ulijua kuna kisichoonekana. Wewe uliyesema kifuniko kitolewe, na wewe, Pius, uliyeunga waya na kuuchomoa na kuutia mfukoni kabla hujamuuliza mtu kaumia vipi: njooni mseme. Sitaki mchele, na Bi Hawa mchele wenu ameugawa kwa majirani, hakupika hata punje. Njooni mchana, mkae mbele yake, mseme kwa midomo yenu nani alitoa amri, nani aliunga, na kwa nini hamkuita. Shingo ninayo hapa, juu ya kabati, nimeipangusa.

Kwetu mtu akiita, mkono unabaki hewani mpaka ajibiwe. Nimeita.